Hisa ya kampuni ya shaba ikianguka: imeshuka bei, ao imeshuka chini ya thamani yake?

Mwezi wa tano mwaka 2025, ardhi ilitikisika chini ya mgodi wa Kakula, upande wa Kolwezi katika jimbo la Lualaba. Tarehe 20, kampuni ikatangaza kwamba kazi ya chini ya ardhi imesimamishwa. Maji yakaanza kujaa mule ndani. Mbali sana na hapo, kule Toronto nchini Canada, bei ya hisa ya Ivanhoe Mines ikaanguka kwa siku chache tu. Tangu wakati ule kuna swali moja linalorudi kwetu, hasa kutoka kwa wasikilizaji wenye ndugu Canada na Ulaya: «Aksio imeshuka, shaba iko na bei muzuri, sasa si njo wakati wa kununua?»

Swali ni la haki. Lakini ndani yake kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku: bei iliyoshuka, na bei iliyo chini ya thamani. Gunia la muhogo lililokuwa dola 30 likiuzishwa dola 20 linaweza kuwa bahati yako. Linaweza pia kuwa muhogo uliooza. Ukiangalia bei peke yake hutajua, sherti ufungue gunia. Basi tufungue hili la Ivanhoe. Mgodi wenyewe uko nchini mwetu, na hesabu zake zinatangazwa kila miezi mitatu, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Redio yetu haiuzishi hisa za mtu na haimwambii mtu anunue. Tunaonyesha tu namna hesabu inavyofanywa.

Kwanza, nani ana nini

Hisa, ao aksio kama wengi wetu tunavyosema, ni kipande cha kampuni. Wewe mwenye hisa huna shaba. Una sehemu ya kile kinachobaki baada ya wote wengine kulipwa: wafanyakazi, wenye malori, SNEL, serikali, banki. Wewe ni wa mwisho kwenye mstari.

Na kampuni yenyewe mara nyingi haina mgodi wote. Kamoa-Kakula iko na wenyewe wanne: Ivanhoe ya Canada asilimia 39.6, Zijin ya China asilimia 39.6, kampuni ndogo iitwayo Crystal River asilimia 0.8, na Serikali ya Kongo asilimia 20. Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanasoma kwamba mwaka 2024 mgodi ulitoa tani 437,061 za shaba, wanazidisha na bei ya soko, wanaona mamilioni. Lakini sehemu ya Ivanhoe katika tani hizo ni kama 173,000. Zingine ni za wengine. Ivanhoe iko pia na sehemu katika Kipushi, mgodi wa zinki karibu na Lubumbashi ambamo iko pamoja na Gécamines, na katika Platreef, mgodi wa platinamu huko Afrika ya Kusini.

Tuseme hili kwa kupita: ile asilimia 20 ya Serikali inamaanisha kwamba mukaaji wa Uvira ao wa Kindu, hata asiyejua Toronto iko upande gani, ana neno lake katika hesabu hii. Faida ikipungua Kolwezi, kinachoingia katika mfuko wa taifa kinapungua pia.

Tani moja inabakiza nini

Sasa tushike kalamu. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kwamba kutoa shaba na kuifikisha sokoni kuligharimu dola 1.65 kwa kila livre. Wazungu wa madini wanapenda kuhesabu kwa livre, ambayo ni karibu nusu kilo. Tani moja iko na livre 2,204. Kwa hiyo gharama ya tani ni kama dola 3,640. Mwaka ule ule, katika soko la madini la London, tani ya shaba ilizunguka kwenye dola 9,000. Inabaki dola 5,360. Kwa mgodi wa shaba hiyo ni nafasi kubwa sana, na sababu iko ndani ya jiwe: mawe ya Kakula yako na shaba kama asilimia 5, wakati migodi mingi mikubwa ya dunia inasaga mawe yenye shaba chini ya asilimia 1.

Angalia sasa bei inapocheza. Tuchukue mgodi unaotoa tani 400,000 kwa mwaka ili hesabu iwe nyepesi. Shaba ikiwa dola 9,000, inabaki bilioni 2.14. Ikishuka mpaka 7,000, inabaki bilioni 1.34. Bei ya shaba imeshuka kwa asilimia 22, lakini kinachobaki kimeshuka kwa asilimia 37. Mgodi mwingine, ambao gharama yake ni dola 7,000 kwa tani, ungebaki mikono mitupu kabisa. Ndiyo maana hisa za kampuni za shaba zinaruka na kuanguka kuliko shaba yenyewe. Anayenunua hisa akifikiri ananunua shaba, ananunua kitu chenye kelele zaidi.

Hata ile bilioni 2.14 haiingii mfukoni. Ndani ya dola 1.65 hamna redevance ya madini, ambayo kwa shaba ni asilimia 3.5 kufuatana na Sheria ya madini ya 2018. Hamna kodi ya faida ya asilimia 30. Hamna riba ya madeni, wala pesa za mashine mpya. Kampuni zinapenda kutangaza namba ile ndogo kwa herufi kubwa. Soma kurasa zinazofuata.

Mutego wa faida kubwa

Wachambuzi wengi wanaanza na kipimo kimoja rahisi: bei ya kampuni nzima ni mara ngapi ya faida yake ya mwaka. Ikiwa mara 5, wanasema ni rahisi. Ikiwa mara 25, ni ghali. Kwa kampuni ya bia ao ya simu, kipimo hicho kinasaidia. Kwa shaba kinadanganya, tena kinadanganya kwa upande mbaya. Shaba ikiwa juu kabisa, faida ni nono, na hisa inaonekana rahisi kwa sababu unagawanya na namba kubwa. Mwaka unaofuata shaba inashuka, faida inayeyuka, na ile «rahisi» inakuwa ghali bila hisa kupanda hata senti moja. Kinyume chake, wakati shaba iko chini na kampuni haipati kitu, hisa inaonekana ghali mno, kumbe pengine ndio wakati wake.

Kwa hiyo mwenye akili hatumii bei ya leo. Anachukua bei ya katikati, ile ambayo shaba inarudi kwake baada ya vurugu, halafu anarudia hesabu kwa bei mbaya zaidi.

Deni linavyobadilisha kila kitu

Kuna hadithi moja ya nyumbani ambayo inafundisha hili. Tenke Fungurume, mgodi mkubwa wa shaba na kobalti huko Lualaba, ulikuwa chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani. Mwaka 2013 Freeport ilinunua kampuni za petroli na gesi kwa kukopa mabilioni. Halafu petroli ikaanguka, na shaba ikaanguka nayo. Mwanzoni mwa mwaka 2016 tani ya shaba ilikuwa chini ya dola 4,500, na hisa ya Freeport, ambayo miaka michache mbele ilikuwa imevuka dola 50, ilikuwa chini ya dola 4.

Je, ilikuwa chini ya thamani? Ukiangalia migodi, ndiyo. Mawe yalikuwa yale yale. Lakini wenye deni hawangojei shaba ipande. Ili kujiokoa, Freeport ilikubali mwaka ule ule kuuzisha sehemu yake ya Tenke kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Aliyenunua hisa kwa dola 4 na kuvumilia alipata mara nyingi, kwa sababu mwaka 2021 hisa ilivuka dola 40. Lakini kampuni aliyobaki nayo haikuwa tena na Tenke. Bei rahisi ya kweli ilimwendea Mchina, ambaye alikuwa na pesa mkononi wakati mwingine ana shida.

Kwa hiyo usiseme «kampuni hii ina thamani ya dola bilioni 10 tu» kama haujaongeza deni. Thamani ya hisa zote pamoja na deni, ukitoa pesa iliyo banki: hiyo ndiyo bei ya kampuni nzima.

Kwa nini Kongo inapunguza bei

Dola 100 utakayopewa baada ya miaka 10 si dola 100. Mwekezaji anayetaka faida ya asilimia 8 kila mwaka ataihesabu kama dola 46 za leo. Anayetaka asilimia 15, kwa sababu anaogopa, ataihesabu kama dola 25. Mgodi ni ule ule, tani ni zile zile, na thamani imekatwa karibu nusu kwa sababu ya woga tu. Migodi ya Kongo inahesabiwa kwa woga.

Wengine watasema ni dharau kwa nchi yetu. Sehemu fulani, pengine. Lakini woga una historia. Mwaka 2009 serikali iliinyanganya First Quantum ya Canada mradi wake wa mabaki ya madini huko Kolwezi, na mambo yakamalizika mwaka 2012 kwa malipo ya dola bilioni 1.25 kutoka kwa kampuni nyingine iliyochukua nafasi yake. Mwekezaji wa Toronto anakumbuka mambo kama hayo kuliko anavyokumbuka hotuba. Mtu akikwambia hisa ya mgodi wa Kongo ni rahisi kuliko ya mgodi wa Chile, jibu lake ni kwamba inatakiwa iwe rahisi kiasi. Swali ni kiasi gani.

Upande wetu wa mashariki tunalo somo letu, ingawa si la shaba. Mwezi wa tatu 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha mgodi wake wa kasiteriti wa Bisie, huko Walikale, kwa sababu vita ilikuwa inakaribia. Hisa ikaanguka vibaya. Mwezi wa nne wapiganaji wakaondoka Walikale, kazi ikarudi, na hisa ikapanda tena. Jiwe halikuwa limeguswa, mashine zilikuwa pale. Sasa chukua Banro, iliyokuwa inachimba zahabu Twangiza katika Kivu ya Kusini na Namoya katika Maniema. Hisa yake pia, iliyouzishwa Toronto, ilishuka mwaka baada ya mwaka, na kila mara kulikuwa na mtu wa kusema sasa ni rahisi. Mwaka 2018 kampuni ilipangwa upya mbele ya korti ya Canada, wenye deni wakaichukua, na wenye hisa wa zamani wakabaki bila kitu. Hisa zote mbili zilianguka, na zote mbili zilikuwa za mashariki mwa Kongo. Moja ilikuwa na shida ya kupita, nyingine ilikuwa na deni ambalo mgodi haukuweza kulibeba.

Na Kakula ni ya aina gani?

Kakula si vita na si deni peke yake. Ni jiwe lenyewe, na hapo ndipo kazi inakuwa nguvu. Katika siku za kwanza washirika wawili walitoa maelezo yasiyolingana: Zijin ilisema sehemu za paa la mgodi zilianguka, Ivanhoe ikasema tangazo lile halikupita kwake. Kwa mwenye hisa, wakati wanandoa wanasema maneno mawili tofauti, hiyo peke yake ni habari. Mwaka ulikuwa umeanza na ahadi ya tani 520,000 mpaka 580,000. Baada ya tetemeko ahadi ilifutwa, halafu ikarudi ikiwa 370,000 mpaka 420,000. Pampu kubwa zilipelekwa kutoa maji.

Katika mwezi wa tisa, mfuko wa serikali ya Qatar ulikubali kununua hisa mpya za Ivanhoe kwa dola milioni 500 za Marekani, kwa bei ya dola 12 za Canada kwa hisa. Wengi walishangilia: Waarabu wamenunua, basi ni rahisi. Pole pole. Hisa mpya zinaleta pesa, lakini pia zinaongeza watu mezani wakati sahani ni ile ile. Na Qatar ina miaka 20 ya kungoja; wewe una minerval ya watoto mwezi wa tisa.

Bei hiyo inatupa nafasi ya kufanya hesabu kwa kurudi nyuma, na kwa maoni yangu ndiyo hesabu yenye faida kuliko zote. Dola 12 za Canada zilikuwa kama dola 8.70 za Marekani. Zidisha na hisa karibu bilioni 1.4: kampuni nzima ilikuwa inahesabiwa kama dola bilioni 12. Sasa usiulize «ni rahisi?» Uliza: «bei hii inaamini nini?»

Tuchukue mgodi wa tani 400,000, shaba kwa 9,000, gharama ile ya 2024. Toa redevance, toa kodi ya asilimia 30, chukua asilimia 39.6 ya Ivanhoe: inabaki kama dola milioni 560 kwa mwaka. Bilioni 12 ingehitaji zaidi ya miaka 21 kurudi. Shaba ikiwa 7,000, inabaki milioni 345, miaka kama 35. Lakini mgodi ukipona, ukitoa tani 550,000 na shaba ikiwa 11,000, sehemu ya Ivanhoe inavuka bilioni 1, na pesa inarudi katika miaka kama 11. Ni hesabu ya mikono: haina riba wala mashine mpya, na haihesabu Kipushi na Platreef, ambazo nazo ziko na thamani. Lakini picha iko wazi. Kwa dola 12, mnunuzi hakuwa analipia mgodi mgonjwa. Alikuwa analipia mgodi uliopona, tena pamoja na shaba ya bei nzuri. Bei ilikuwa imeshuka, ndiyo. Chini ya thamani? Kwa yule tu anayeamini kwamba maji yatatoka, jiwe litatulia, na shaba itabaki juu, yote matatu pamoja.

Tangu hapo shaba imepanda: mwisho wa 2025 ilivuka dola 12,000 kwa tani. Hisa zinapanda nayo, kwa hiyo hesabu sherti irudiwe kwa bei ya siku unayosoma haya. Njia ni ile ile.

Neno kwa wanaouziwa aksio kwa simu

Kongo haina soko la hisa ambapo mtu wa Goma ao Bukavu angeingia na kununua hisa ya Ivanhoe. Hisa hizo zinanunuliwa kupitia wakala aliyeruhusiwa kufanya kazi katika soko kama la Toronto, na anayefanya hivyo kwa kawaida ni ndugu aliye kule, kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo mtu anayekuomba dola 50 kwa Airtel Money ao M-Pesa, akikuahidi «aksio za shaba ya Kolwezi» na faida kila juma, hana hisa za kukupa. Hisa haiahidi faida ya juma. Hata Ivanhoe yenyewe haiahidi hivyo. Na kama ni ndugu wa Canada anayenunua kwa pesa yako, kubalianeni kwa maandishi hisa ni ngapi, zilinunuliwa kwa bei gani na siku gani. Tumesikia jamaa zikigombana juu ya jambo hili, na mara nyingi hisa zilikuwa zimepanda.

Kwa anayetaka kufuata Kakula, kuna namba tatu za kutafuta katika kila ripoti ya miezi mitatu: tani zilizotolewa, asilimia ya shaba ndani ya mawe yaliyosagwa, na gharama kwa livre. Asilimia ya shaba ikibaki chini, inamaanisha kwamba sehemu tajiri za Kakula hazijafikiwa bado, hata kama tani za mawe ni nyingi. Gharama nayo ina jambo jipya. Mwishoni mwa 2025 tanuru la kuyeyusha shaba, lililojengwa palepale kwa kutoa mpaka tani 500,000 kwa mwaka, lilianza kazi. Mbele yake, malori yalibeba unga ambao nusu yake ao zaidi haikuwa shaba. Sasa yanaweza kubeba shaba karibu tupu, na asidi inayotoka katika tanuru inauzishwa kwa migodi mingine ya Lualaba inayoihitaji. Tanuru linakula umeme, na umeme wa Inga unajulikana. Ile dola 1.65 itapanda ao itashuka kufuatana na mambo hayo mawili.